Mstari wa Themanini na Nane

Kegonga,
17 Februari 2025

Lynnet, binti yangu,

Kazi yako imekwisha. Ile mistari mia mbili na kumi na minne ya programu yako ya simu nimeitafsiri yote kwa Kikuria, na sikuacha hata mmoja mtupu. Niliandika kwanza kwa kalamu daftarini, kisha nikaichapa kwa kidole kimoja, ndiyo sababu nimechelewa siku nne.

Ulinionya kwamba sentensi zenyewe hazina mwenyewe. Hata hivyo nilishangaa. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha Kiswahili pale Suna, na wewe ulikuwa ukikaa dawati la pili, na kila muhula niliwaambia kwamba hatutafsiri neno, tunamtafsiri mtu anayesema na mtu mwingine. Sasa mwanafunzi wangu ananiletea orodha: "Endelea." "Rudi." "Umekosea, jaribu tena." Nani anamwambia nani? Nikaamua kwamba anayesema ni Bathsheba, kwa kuwa ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu na ndiye atakayebeba hiyo simu nyumba kwa nyumba. Anayeambiwa ni mama mwenye boma, ambaye ameacha kuchambua mboga ili ajibu maswali. Nilipowaona hao wawili wamekaa, kazi ikaenda. "Umekosea" imekuwa "Hebu tutazame tena pamoja." Bathsheba ana miaka ishirini na sita. Hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba amekosea.

Mistari mingine michache nimeilainisha kwa adabu hiyo hiyo. Sitakuchosha nayo.

Nimeelewa pia kwamba majibu haya ndiyo yatakayowaambia mlete chanjo ya surua kiasi gani na mpeleke wapi. Basi fanyeni haraka. Watoto wengi huku kwetu mlimani walikosa chanjo yao ya kawaida kwa sababu friji ya zahanati iliharibika ikakaa karibu mwaka mzima. Ugonjwa ukiingia, utawakuta wazi.

Mwalimu wako,
Fanuel Nyamhanga


Homa Bay,
21 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Erokamano, asante sana. Nimeiweka kazi yako yote, na leo Kikuria kimesimama kwenye skrini kando ya Kiswahili, Dholuo na Kikisii. Bosi wetu, Okemwa, anadai kwamba anaelewa nusu kwa kuwa Kikuria na Kikisii ni ndugu. Lakini nilimwona akicheka mahali ambapo hapana kichekesho.

Umenitia aibu kwa kutoacha mstari mtupu. Ngoja na mimi leo niwe mwalimu. Programu yenyewe haina maneno. Ndani yake kuna namba za mistari tu. Mtu akichagua lugha, programu inakwenda kwenye faili la lugha ile na kuchukua mstari wake. Ikiukuta mtupu, haigomi, inachukua ule wa Kiswahili. Dholuo yangu mwenyewe ina matundu arobaini, na hakuna aliyelalamika.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kazi hii: lugha si mahali. Pale Isebania mpakani simu za watu zinashika mtandao wa upande wa Sirare, basi programu ikadhani wako Tanzania na ikaanza kukataa namba zao za simu. Mama mmoja alimwuliza mhudumu, "Kwani mmenihamisha lini?" Ilinichukua siku mbili kumrudisha Kenya.

Jumatano tuliwaonyesha wageni wanaotufadhili. Kikuria kilisumbua kidogo. Kuna swali lililokuwa linakataa jibu, na bila jibu hilo huwezi kwenda mbele. Nililirekebisha palepale. Sasa halikatai chochote. Wageni walipiga makofi.

Bathsheba ataanza mwezi ujao.

Mwanafunzi wako,
Lynnet Obare


Kegonga,
24 Machi 2025

Lynnet,

Bathsheba amemaliza kijiji kizima, kaya tisini na mbili, na mvua ilikwisha kuanza. Siku mbili nilifuatana naye. Nilitaka kuyasikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Kwa mama yake Nchagwa tulikaribishwa uji. Bathsheba alimsomea maswali, na yule mama akawa anaitazama simu kama mgeni aliyekuja na zawadi.

"Simu hii imelelewa na nani?" akauliza. "Ina adabu kuliko wanangu."

"Imelelewa na Mwalimu huyu hapa," Bathsheba akamjibu.

"Aa. Ndiyo maana inaongea sana."

Walinicheka wote wawili, na mimi nikanywa uji wangu. Nakuambia haya ili ujue kwamba hakuna nyumba iliyomfungia mlango. Wanawake walijibu kila kitu kwa moyo mweupe, kwa sababu waliulizwa kwa lugha yao na kwa heshima.

Sasa wananiuliza mimi: gari la chanjo lini? Nasikia Isebania wameshapewa siku yao. Huku kwetu hakuna neno, na barabara ya kupanda inazidi kuharibika. Ulizia.

Fanuel Nyamhanga


Homa Bay,
2 Aprili 2025

Mwalimu,

Nakuandikia jambo ambalo naomba usimsomee mtu.

Kwa kaya zote tisini na mbili za kijiji chenu, orodha yetu inaonyesha watoto kumi na mmoja tu walio chini ya miaka mitano. Isebania, ambako karibu wote walijibu kwa Kiswahili, hesabu inaeleweka. Kwenu haieleweki. Kwa sababu hiyo gari halikupangiwa kupanda huko, na hao kumi na mmoja wataambiwa wateremke mjini.

Okemwa anaamini kwamba Bathsheba alikaa kwake akajaza majibu ya uongo ili apate posho. Barua ya kumwondoa imeshachapwa, imebaki kutiwa sahihi. Nimeomba siku chache. Wewe unamfahamu. Niambie ukweli, Mwalimu, ni mtu wa namna gani?

Mfumo nimeukagua. Hauna shida.

Lynnet


Kegonga,
4 Aprili 2025

Lynnet,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kumi na mmoja! Kwa mama yake Nchagwa peke yake nilirukiwa magotini na watoto mpaka uji ukamwagika. Nilikuwa pale. Nilimwona Bathsheba akimwandika kila mtoto kwa jina lake, akiuliza mara mbili pale aliposhindwa kusikia kwa sababu ya mvua kwenye mabati. Kama huyo ni mvivu, basi mimi sijawahi kumwona mtu mwenye bidii. Mwambie bosi wako apande mlima huu kwa miguu yake, kisha aitie sahihi barua hiyo mbele ya wale akina mama.

Kuna baya zaidi. Mokami, binti wa pekee wa Bathsheba, ana miaka mitatu. Ana homa tangu Jumatatu. Macho yamekuwa mekundu, na jana vipele vilianza nyuma ya masikio vikashuka shingoni. Unajua ni nini. Nyumba nyingine mbili nazo zina watoto wanaokohoa.

Bathsheba ameniuliza kama ofisi imejibu. Nimemwambia bado. Sikuweza kumwambia kwamba anaitwa mwongo huku amembeba mtoto mgonjwa mgongoni.

Leteni chanjo.

F. Nyamhanga


Homa Bay,
5 Aprili 2025

Mwalimu,

Umesema kila mtoto kwa jina lake.

Mstari wa themanini na nane kwa Kiswahili unauliza: "Una watoto wangapi walio chini ya miaka mitano?" Jibu lake ni namba. Wewe kwa Kikuria uliandika nini? Najua leo ni Sabato yako. Nijibu hata hivyo.

Lynnet


Kegonga,
5 Aprili 2025

Lynnet,

Niliandika: "Tutajie watoto wako wadogo."

Acha nieleze, si kwa kujitetea. Mimi nimekua nikijua kwamba mama haulizwi idadi ya watoto wake. Unaweza kuuliza kama hawajambo, unaweza kuwataja mmoja mmoja hadi jioni, lakini hufanyi hesabu ya watu walio hai kana kwamba ni mbuzi wa kupelekwa mnadani. Mama yangu alipoulizwa na karani wa sensa alijibu, "Ni hao unaowaona," akatoka nje. Alikuwa amezika wawili. Kwa hiyo nilipoufikia mstari huo, kalamu ilisimama. Nikajiambia, nikiuandika kama ulivyo, Bathsheba atafukuzwa kwenye boma la kwanza.

Ningeweza kuuacha mtupu. Ungekuwa wa kwanza katika daftari langu, nami sikutaka kukurudishia kazi yenye pengo. Nikaugeuza, na kukuambia sikukuambia. Niliita hiyo adabu.

Lakini tazama, majina si yapo? Watoto wote wako humo kwenye simu, wametajwa na mama zao wenyewe. Wahesabuni ninyi huko Homa Bay, mpeleke gari. Mokami anapumua kwa shida. Kesho tunamteremsha hospitali Migori.

Fanuel


Homa Bay,
6 Aprili 2025

Mwalimu,

Majina hayapo.

Siku ile ya wageni, swali lililokuwa linakataa jibu lilikuwa hilo. Nilijaza neno la Kikuria nililolikuta kwenye mstari wako, bila kulielewa, na kisanduku kikakataa kwa sababu kinataka namba. Wageni walikuwa wanapanda ngazi. Ningekupigia simu. Ningekuuliza mstari wako unasema nini. Badala yake niliiamuru programu: ukiletewa kitu kisicho namba, weka sifuri, uendelee. Nilikusudia kuiondoa amri hiyo kesho yake. Kila jina ambalo Bathsheba aliandika, programu ililipokea, ikalitupa, ikaweka sifuri. Wale kumi na mmoja ni wa kina mama wachache waliotaja namba wenyewe bila kuulizwa.

Kuna la kuungama zaidi. Nilipokuandikia kwamba mfumo hauna shida, amri hiyo ilikuwa imeshanijia akilini. Sikwenda kuitazama. Nilitaka kosa liwe la Bathsheba. Nilikuuliza tabia yake nikitumaini utasema ni mvivu.

Hili nimelitazama jana usiku na leo asubuhi, na bado Okemwa sijamwambia. Alhamisi gari linaondoka kwenda Isebania na litakuwa na chanjo za ziada. Likipata orodha mpya kabla ya Jumatano jioni, linaweza kupanda hadi kwenu. Sina haki ya kukuomba, lakini hakuna mwingine.

Mokami anaendeleaje?

Lynnet


Kegonga,
8 Aprili 2025

Lynnet,

Jana nilikwenda hospitali. Mokami yuko kwenye oksijeni, na mama yake ameketi kitandani ameshika mguu wa mtoto. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika nikayasema kwa mpangilio mbaya: barua ya Okemwa kwanza, kisha sifuri, mwisho mstari wangu.

Akaivuta shuka ya mtoto ikamfunika vizuri.

"Mwalimu," akasema, "kliniki wananiuliza kila mwezi, una watoto wangapi, nami nawajibu: mmoja. Mama yake Nchagwa anawajibu. Wote tunajibu. Ulidhani tunafanyaje?"

"Nilidhani mtakataa."

"Kwa Kikuria tungekataa. Kwa Kiswahili tunasema namba, tunaondoka, haitugusi. Swali hilo moja ungeliacha hivyo hivyo kwa Kiswahili."

Nimefundisha lugha zote mbili maisha yangu yote na sikulijua hilo. Mama hawa wana lugha ya kutajia watoto na lugha ya kuwahesabia, na hawazichanganyi. Hawakuhitaji mzee awalinde. Walihitaji mstari mmoja mtupu.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nenda kawaandike. Msamaha tutauongea mtoto akipona." Kisha akaanza kuniambia nyumba zilizo mbali ambazo nisizisahau, na ni nani mwenye pacha.

Leo asubuhi tumepiga kengele ya kanisa ingawa si siku ya ibada. Kina mama wamekuja kwenye matope, waliokosa wametumiwa watu. Nimeandika majina mpaka mkono ukakaza, na mkwe wa mama yake Nchagwa ameyachapa kwenye simu yake kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuvaa miwani. Orodha iko chini ya barua hii. Ni majina, sikuyahesabu. Hesabu wewe.

Kwa Okemwa, sema mzee alikosea tafsiri. Ni kweli, na mimi sina kazi ya kupoteza. Ile amri yako ya sifuri si lazima aijue. Bado u kijana, na mama yako anakutegemea.

Fanuel Nyamhanga


Homa Bay,
11 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Ni watoto mia moja sitini na watatu. Nilihesabu mara tatu kwa kidole, sikuitumia mashine.

Nilimpelekea Okemwa orodha, na juu yake niliweka karatasi ya pili iliyoeleza yote, mstari wako na amri yangu. Ulijitolea kubeba peke yako, nashukuru, lakini ningekubali ningekuwa nimekufanyia yale niliyotaka kumfanyia Bathsheba. Okemwa alisoma taratibu. Akauliza, "Wageni walipopiga makofi, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akaichana barua ya Bathsheba mbele yangu, kisha akaniomba funguo za ofisi. Kijana anayeitwa Oyaro ndiye atakayeishika programu. Nyumbani sijasema bado.

Gari lilipanda jana. Nasikia lilikwama mara mbili na akina mama wakalisukuma. Jioni muuguzi alimpigia Okemwa, naye, sijui kwa nini, akanipigia mimi. Kila jina limewekewa alama ya vema isipokuwa moja.

Ameniambia ni lipi. Siwezi kuliandika hapa mpaka wewe uniambie ni kwa sababu bado yuko hospitali.

Lynnet


Kegonga,
22 Aprili 2025

Lynnet, binti yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu tulikuwa na msiba, na kwa sababu nilitaka kupata njia nzuri ya kuandika. Njia hiyo haipo. Mokami alifariki Jumatano tarehe tisa, saa nne asubuhi, siku moja kabla ya gari kupanda. Jumanne nilipoandika orodha alikuwa hai, na bibi yake alimtaja, nami nikamwandika pamoja na wenzake. Tulimzika Ijumaa. Wale wa nyumba mbili nyingine wanapona.

Daktari ameniambia kwamba alikuwa ameshaambukizwa kabla sisi hatujaanza kuandikiana kuhusu sifuri, na kwamba gari la Aprili lisingemwokoa. Labda gari la Machi, kama lingekuja, lingemwokoa. Nimemwuliza jambo hilo mara nyingi kuliko alivyopenda. Nawe utaulizwa na moyo wako, kwa hiyo nakupa jibu lake kama lilivyo, bila kulilainisha.

Bathsheba ameambiwa yote, yako na yangu. Hajasema amesamehe, na sijamwuliza tena.

Juzi Oyaro aliniandikia. Anataka kijiji kijazwe upya ili kumbukumbu ziwe sahihi, akaniuliza tafsiri mpya ya ule mstari. Nilimjibu aufute aache mahali pake patupu. Nilimwambia pia atafute mhudumu mwingine kwa sasa. Bathsheba aliposikia alikataa. Alisema kazi ni yake na nyumba anazijua yeye.

Basi leo alianza. Alikuja kwangu kwanza, akaniuliza maswali yote kwa Kikuria, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, na alipofika pale akabadili akaniuliza kwa Kiswahili kama skrini ilivyoandika. Nikamjibu kwamba nyumbani mwangu hakuna aliye chini ya miaka mitano. Akaniandika.

Kisha, akiwa bado amekaa kwenye kiti changu, akafungua kaya yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikupata nafasi ya kutoka. Alijaza jina lake, na la mumewe, na namba ya simu. Kwenye swali lile akaandika sifuri. Simu ikaikubali. Akauliza kama njia ya kwa mama yake Nchagwa imekauka.

Usinijibu kwa barua. Njoo Kegonga. Nitakungoja stendi, na tutakwenda kwake pamoja.

Fanuel Nyamhanga